Rocky Flats bado si pa kusahauliwa
Kuna makala inayosema kiwanda cha Rocky Flats kule Colorado, Marekani, kilichokuwa kikitengeneza viini vya mabomu ya nyuklia kwa plutoniamu (metali yenye mionzi hatari), "kimesafishwa" tangu 2005, kwa hiyo watu watembee bila wasiwasi katika hifadhi ya wanyamapori inayozunguka kilipokuwa kiwanda. Neno hilo silikubali. Kazi kubwa ilifanyika, sibishi: mamia ya majengo yalibomolewa kwa takriban dola bilioni 7. Lakini kiwango kikali cha usafishaji kilihusu futi 3 za juu za udongo tu. Chini ya hapo plutoniamu nyingi zaidi iliruhusiwa kubaki, na misingi ya baadhi ya majengo ilifukiwa palepale. Pale upepo unaoshuka milimani ni mkali, na wapo wanyama wanaochimba mashimo na kuleta juu udongo wa chini. Plutoniamu hiyo huchukua miaka 24,000 hivi kupungua kwa nusu! Tena ekari kama 1,300 za katikati, kiwanda kilipokuwa, bado zimefungwa kwa umma. Kama pako safi, mbona hapaingiliki? Ninyi mnaoishi Denver na Arvada, miji iliyo karibu na hapo, mliambiwa haya kabla ya kupanga au kununua nyumba?