Abiria Wangu Asiyeonekana

Siku ya nne tangu ninunue gari, nikiwa peke yangu ndani, gari likaniambia tuko wawili.

Kwenye dashibodi kiliwaka kijitu chekundu kilichoketi, mkanda umepita kifuani, halafu kengele: tin, tin, tin. Nikaupapasa mkanda wangu. Umefungwa. Nikatazama kiti cha abiria. Hakuna kitu, hata gazeti. Nikapunguza mwendo, kengele ikanyamaza. Nilipopita tu kilomita 20 kwa saa ikaanza upya, safari hii kwa hasira, kama mtoto aliyeambiwa angoje.

Aliyeniuzia alikuwa ameniapia. "Mtumba lakini kama jipya. Taa haiwaki hata moja, angalia mwenyewe." Na kweli siku ile hazikuwaka, maana tulipolijaribu alikaa yeye kwenye kiti hicho, mkanda kaufunga tangu tunaondoka mpaka tunarudi. Nikamwona mstaarabu kweli kweli.

Nilipompigia simu alicheka. "Labda kweli kuna mtu," akasema, akakata. Tangu hapo hapatikani.

Nyumbani nikafanya kosa la kumwonyesha mke wangu. Akakitazama kijitu chekundu kikiwaka, mikono kiunoni.

"Baba Neema, gari linajua kuna mtu kwenye kiti?"

"Linadhani."

"Halidhani, linajua. Ulimpakia nani?"

Akafungua mlango, akainama, akakinusa kiti. Kilinuka dawa ya kusafishia magari, harufu ya maua, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Dawa nikaigundua mwenyewe: nikaufunga mkanda wa kiti kitupu. Kijitu kikazimika, kengele kimya. Basi kila asubuhi nafunga wangu, nafunga wa mwenzangu, tunaondoka. Siku ya pili nilijikuta namwambia, "Shika vizuri, barabara mbovu." Sina sababu ya kuwaficha.

Siku ya tatu askari akanisimamisha. Akaikagua leseni, akainua macho, akakiona kiti. Mkanda umekaa sawasawa, ndani yake hewa tupu.

"Huyu nani?"

"Hakuna mtu, afande."

"Sasa umemfunga nani?"

Nikaanza kumweleza. Gari linasema kuna mtu, mimi simwoni, nisipomfunga linapiga kelele. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, hatua moja moja. Mwishowe akanirudishia leseni kwa ncha za vidole.

"Nendeni," akasema.

Nendeni! Sikumpakia mtu, lakini serikali ilishamhesabu.

Nikanyoosha moja kwa moja kwa fundi. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasubiri, akatikisa kichwa: injini haina kosa lolote. Nikamwambia injini sina ugomvi nayo, nina ugomvi na huyu hapa. Akacheka, akakibonyeza kiti kwa kiganja, akapitisha vidole ukingoni mwa kava.

"Bosi, taa yako ni nzima kabisa. Ndani ya kiti kuna kihisi, utando mwembamba tu. Ukibanwa, gari linajua mtu amekaa. Sasa tazama kava hili walivyolikaza. Linakalia kiti mchana na usiku."

Akasukuma kiti mbele, akakivuta nyuma, akaingia chini yake na kisu mpaka kiunoni, akakata kamba moja baada ya nyingine. Kava likafyatuka. Chini yake, katikati ya kiti, palikuwa na tundu kubwa lililounguzwa na moto, sifongo imetoa ulimi nje. Nikaelewa kwa nini kava lilikazwa vile, na kwa nini muuzaji alikaa pale mkanda kaufunga.

Lakini tundu halipigi kengele. Tuliwasha gari, tukazunguka: kimya, hakuna taa. Nikalipa kwa furaha, nikaondoka nikipiga mluzi. Ukweli, kiti kilinipa ukiwa kidogo. Nilishazoea kuwa na mtu.

Sikufika mbali. Kikawaka tena chekundu, kijitu kilekile kimeketi vilevile. Nikaegesha pembeni, nikasogeza uso. Hakikuwa kilekile. Mbele ya kifua chake sasa palikuwa na duara kubwa.

Nikampigia fundi. Akanyamaza, kimya cha mtu anayekumbuka alichofanya.

"Aah. Hiyo ni taa ya mfuko wa hewa, ule unaofutuka gari likigonga. Chini ya kiti kuna plagi ya njano, nadhani niliitikisa nilipokuwa navuta kiti. Usiiguse, bosi. Kimashine changu hicho kinasoma injini tu, hiyo hakiioni. Njoo kesho nimwite mwenye kikubwa."

Simu haijapoa, mke wangu akapiga.

"Vipi, ameondoka?"

"Hapana," nikamwambia. "Amepewa mpira."