Suruali Imekwenda, Ukingo Umenyooka

Kabla hamjaendelea kunitumia emoji za moto, naomba niseme. Sikukimbia uchi pale Unga Limited, Arusha, siku suruali iliponiungulia mwilini nikikata chuma kwa gesi. Nilikuwa na bukta. Bukta ya bluu, nzima, haina hata tundu, na mashahidi wapo. Huyu jirani yangu fundi rangi aliyewarushia sauti kwenye grupu alikuwa ng'ambo ya barabara na barakoa lake la kupulizia rangi usoni, sasa sijui aliona nini na aliona kwa jicho gani.

Na wala suruali siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni kwamba mji mzima unajadili suruali, hakuna hata mmoja aliyeuliza ile pleti ya chuma ilikatika vipi.

Haya. Mzee mmoja wa Ngaramtoni kaja na pleti ya mm 25, anaunda mashine ya kufyatulia tofali. Anataka mkato wa sentimita 60, ukingo usimame wima kabisa. "Nikiweka skwea nisione mwanga, kijana." Skwea ni kile kipimo cha pembe mraba; mwanga ukipenya kati yake na chuma, ukingo haujanyooka. Alishakatiwa kwingine, ukingo ukalala upande, akisimamisha nguzo juu yake panabaki mwanya wa kupitisha kidole. Kwa hiyo safari hii amekuja na skwea yake mwenyewe, ameiviringisha kwenye gazeti, ameibana kwapani. Mteja wa hivyo hakai kwenye benchi. Anasimama nyuma ya bega lako.

Sasa ovaroli langu lilikuwa kwenye kamba. Watu wa Arusha mnaijua Julai yetu, unafua Jumatatu, Alhamisi nguo bado inachuruzika. Nami asubuhi ile nilikuwa na kikao cha harusi, nimevaa suruali yangu ya mtumba wa soko la Kilombero, polista safi, ina pindo chini. Hilo pindo lishikilieni, tutalirudia.

Kwa wasiojua kazi yetu: chuma kinene hakikatwi kwa kuyeyushwa. Moto wa gesi unakipasha tu, mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kama nyuzi 900 hivi. Hapo unabonyeza oksijeni, na chuma kinaanza kuungua chenyewe, pale tu unapokielekeza. Ndiyo maana ukitaka ukingo wa maana, vurugu zote unazimaliza kabla ya kuwasha. Nilikwangua kutu na rangi kwenye mstari wote. Nilisafisha tundu za nozo, ile ncha ya tochi ya kukatia inakotokea moto na oksijeni, kwa ule waya wake, maana nozo chafu inatawanya oksijeni, na oksijeni ikitawanyika hupati ukingo, unapata mtaro. Nikafunga engo, chuma kirefu chenye umbo la L, kwa klampu pembeni ya mstari ili mkono uwe na pa kuegemea. Mzee anatazama, anaitikia kwa kichwa. Nikajiona profesa.

Nikawasha. Ukingo wa pleti ukawa mwekundu, nikabonyeza, cheche zikashuka chini moja kwa moja. Ukisikia mlio wa kitambaa kinachochanwa taratibu bila kukatika katika, jua mwendo wako uko sawa. Ukienda haraka, mistari kwenye ukingo inapinda kurudi nyuma na chini hapakatiki. Ukienda polepole, kona ya juu inayeyuka na kuwa ya mviringo. Na ukisimama katikati ndiyo balaa, maana unapoanza tena unaacha kidonda kwenye ukingo ambacho hata grenda haikifichi vizuri.

Kumbukeni hilo la kusimama.

Nimefika kama sentimita 40, nikasikia harufu. Wazo la kwanza: mpira wa gesi! Nikachungulia mipira pembeni ya miwani, mizima. Nikashukuru Mungu, nikaendelea. Kumbe cheche moja imedunda sakafuni, ikaingia kwenye pindo la polista, ikatulia humo kama kuku anayeatamia.

Chalii wangu wa kazi akasema, "Fundi."

"Nyamaza."

"Fundi, unaungua."

"Naona." Sikuwa naona kitu. Ndani ya ile miwani nyeusi unaona mstari tu. Lakini joto likaanza kupanda, kwanza kifundoni, upole kabisa, ukadhani mtu anakukanda. Nikahesabu kilichobaki, kama sentimita kumi na tano. Jamani, mnielewe, ukingo ulikuwa umetoka WIMA. Mistari imeshuka chini kama imepigwa rula. Nisimame sasa, nimwachie mzee kidonda mbele ya macho yake na skwea yake kwapani?

Nikajua angalau mzee atasema "zima, kijana, uhai kwanza." Wapi. Mzee kainama, kainamia mkato, si mguu. "Usisimame! Usisimame, umekaa vizuri huo!"

Polista haiwaki kiungwana. Inayeyuka, inajikunja, inakung'ang'ania. Ikafika kwenye shavu la mguu. Sauti niliyotoa hapo sina maelezo yake, ila mbwa wa gereji ya pili alijibu. Mkono wa kulia uko kwenye engo, unatembea mwendo uleule, mguu wa kushoto unacheza sindimba peke yake. Sentimita tano. Tatu. Kwenye mbili za mwisho goti likarusha kiuno, kiuno kikarusha bega, na hapo, nasema ukweli, mstari ukayumba.

Kipande kikadondoka. Nikafunga gesi, nikafunga oksijeni, nikatundika tochi mahali pake. Niliitundika! Halafu ndipo nikamgeukia adui. Mkanda wa kikao cha harusi una ile bako ya kubana, na mimi nina glavu za ngozi. Navuta, haitoki. Nasukuma, haitoki. Chalii anapiga mguu wangu kwa gunia, mama ntilie kaja na beseni la maji ya vyombo kanimwagia lote, na mabaki ya dagaa yakiwemo, na wakati huohuo bako ikaamua kuachia. Basi. Hapo ndipo jirani yangu alipoinua simu.

Yaliyofuata mafupi. Malengelenge kidogo, dawa, nikafungwa kanga ya mama ntilie mpaka jioni. Mzee akachukua nyundo, akagonga mavi ya chuma, yale mabaki ya chuma kilichoungua, yaliyoning'inia chini, yakatoka kwa kipigo kimoja, akafungua gazeti lake, akaweka skwea, akafumba jicho moja. Akasogeza, akafumba tena. Mwanga hakuona. Zile sentimita mbili za mwisho nilizisugua kwa grenda nikiwa na kanga, na akalipa bila kupunguza.

Picha ya ukingo ninayo, anayeitaka aniombe. Mpaka sasa hajaomba mtu. Wameomba ya bukta.

Jumamosi mzee analeta pleti ya pili. Amesema anakuja na mkewe, maana huko Ngaramtoni hadithi imefika kabla ya chuma, na mama amekataa kusimuliwa.