Njia ya baiskeli hufia kwenye mataa

Kila video ya Waholanzi wakienda kazini kwa baiskeli inapozunguka kwenye simu, ubishi wa nyumbani hugawanyika pande mbili zilezile. Upande mmoja unasema wenzetu wana utamaduni, sisi hatuna. Upande mwingine unataka serikali ichore njia za baiskeli Dar nzima, basi. Kwa sisi tunaoishi Uholanzi, pande zote zinakosea, na kosa la pili ndilo litakalokula hela.

Hili la utamaduni linaisha haraka. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata likaanza vuguvugu lililoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, magari yakapigwa marufuku Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mtaa usio na gari ukoje. Njia zinazosifiwa leo zilitokana na ugomvi huo na miaka mingi ya kubomoa na kujenga upya. Wala hawajaacha magari: nchi ya watu milioni 18 hivi ina magari karibu milioni 9. Na baiskeli si ngeni kwetu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria mpakani Busia.

Tuje kwenye upande wa pili, wa kuchora njia kwa rangi. Kati ya makutano na makutano, kumlinda mwendesha baiskeli ni kazi nyepesi. Anahitaji lami laini, ukingo unaomtenga na magari, na upana wa mita 2 hadi 2.5 kwa njia ya upande mmoja, au 3.5 hadi 4 kwa njia ya pande mbili. Usukani wa baiskeli unachukua kama sentimita 70, mtu huyumba kidogo anapopiga pedali, na guta lililojaa mizigo linazidi mita moja. Ukijenga njia ya mita 1.2, guta moja tu linaifunga na wote walio nyuma wanashuka barabarani. Ukingo nao uwe wa mteremko. Ukiwa wima, pedali inaugonga na mtu anaanguka upande wa magari.

Hatari kubwa iko pale gari linapokata kona mbele ya baiskeli. Hapo ndipo Waholanzi wametumia akili nyingi kuliko kwingine kokote, na hapo ndipo wanaowaiga huishia kuchora mstari. Kwenye makutano yao, njia ya baiskeli haivuki ikiwa imebanana na magari. Inasogezwa ndani kama mita 5, urefu wa gari dogo, na kwenye kona kunajengwa kisiwa cha zege. Kisiwa kinafanya kazi mbili. Kinalazimisha gari kukunja kona kali, kwa hiyo linapunguza mwendo lenyewe hata kama dereva hana adabu. Pia linapomaliza kukunja, limeshageuka kumkabili mwendesha baiskeli, na dereva anamwona kupitia kioo cha mbele badala ya kumtafuta kwenye saiti mira. Ikibidi asimame kumpisha, ana nafasi ya kusimama bila kuziba barabara nyuma yake. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mchoro unageuzwa: kona ya kuogopwa ni ya kushoto, hasa kwa lori, kwa kuwa dereva aliyekaa kulia haoni kilicho chini ya dirisha la kushoto.

Kwenye vichochoro vinavyoingia barabara kubwa wana dawa ya bei rahisi zaidi. Njia ya miguu na ya baiskeli hupita juu, usawa uleule bila kushuka, na gari ndilo linalopanda tuta ili kuingia mtaani. Kwetu ni kinyume: mama aliyebeba mtoto anashuka, anavuka tope, anapanda tena, gari likipita tambarare.

Barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli pamoja na mwendokasi ya awamu ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria 2016, na mwaka 2018 Dar ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Ilistahili. Ila tembea na tepu kutoka Magomeni kwenda Ubungo upime. Katikati ya vituo upana unaridhisha. Ukifika kwenye kila mlango wa mtaa, njia inashuka, inapotea, na gari lililoegeshwa limekaa pale pale ulipotakiwa kuonekana. Ubaya wake si kwamba haifai kabisa. Ni kwamba inakulinda mahali penye hatari ndogo na kukuachia penye hatari kubwa.

Mwendo ni hesabu tu. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja kushtuka ameshakwenda mita 14 kabla ya kugusa breki, na breki nzima kwenye lami kavu inataka mita nyingine 14 hivi. Kwa 30, yote kwa pamoja ni mita 13. Mtoto akichomoka mita 15 mbele, wa 30 anasimama. Wa 50 ndiyo kwanza mguu unafika kwenye breki. Ndiyo maana Amsterdam ilishusha mwendo kwenye mitaa yake mingi hadi kilomita 30 kwa saa mwezi Desemba 2023, na madereva wakanung'unika kama wanavyonung'unika madereva popote.

Halafu kuna sheria, ambayo video hazionyeshi. Uholanzi, gari likimgonga mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli, bima ya gari ndiyo inayoanza kuwajibika kwa fidia. Aliyegongwa akiwa chini ya miaka 14, analipwa yote karibu kila mara. Akiwa mkubwa na amekosea, bado hapati chini ya nusu, isipokuwa alijitakia kwa makusudi au kwa uzembe wa kupindukia. Hiyo ni fidia, si jela, lakini inamfundisha dereva kushika breki mapema kuliko honi.

Hata huko mambo hayajaisha. Mwaka 2022 walikufa barabarani watu 745, na 291 kati yao walikuwa kwenye baiskeli, wengi wao wazee.

Nyumbani nisingeanza na baiskeli. Watu wengi wa Dar wanatembea au wanatembea hadi kituo cha daladala, na njia pana ya miguu inamfaa kila mtu. Ningeanza na shule. SARSAI, mradi wa usalama wa barabara za kuzunguka shule ulioanzia Dar kwa shirika la Amend, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019 kwa vitu vidogo: matuta, zebra, vijia vya miguu, na geti la shule kuhamishwa lisifungukie barabarani. Matuta yenyewe yana ufundi wake. Tuta lisilofika ukingoni linamwalika dereva atanue, tairi mbili za kushoto zipite kwenye vumbi wanapotembea watoto. Mafundi huacha pengo hilo ili maji yapite. Pitisha bomba chini yake badala yake. Zebra ya rangi ya kawaida hufifia mapema. Ile ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto, unene wa milimita 3 hivi, iliyonyunyiziwa shanga za kioo, inadumu na inang'aa usiku. Na nondo za mfuniko wa mtaro zilazwe kukatisha njia. Zikifuata njia, tairi nyembamba ya baiskeli ya Phoenix inazama hadi kwenye rimu.

Linabaki suala la boda kuingia njia ya baiskeli, na hapo vizuizi vya Kiholanzi havisaidii. Nguzo zikiachiana mita 1.5 zinazuia gari, lakini guta linapopita na pikipiki inapita. Waholanzi wenyewe wanazipunguza nguzo, maana baiskeli huzigonga. Amsterdam iliziondoa skuta ndogo kwenye njia za baiskeli mwaka 2019 kwa kubadili kanuni, na polisi wakasimamia. Kwetu trafiki hawatoshi kusimama kila kichochoro, kwa hiyo afadhali kuuliza boda anaingia humo kufanya nini. Mara nyingi anataka kugeuza arudi alikotoka: katikati ya barabara pamefungwa kwa ajili ya mwendokasi, pa kugeuzia ni mbali, na njia ya baiskeli ndiyo ya mkato. Sababu hiyohiyo inawafanya watu waruke vizuizi chini ya madaraja ya waenda kwa miguu, kwa kuwa ngazi za kupanda na kushuka ni safari nzima kwa mwenye ndoo kichwani, na haziwezekani kwa mwenye gunia la mkaa kwenye baiskeli. Weka kivuko cha usawa wa lami chenye mataa kila mita 300 hivi, na mwanya wa kugeuzia pikipiki hapohapo. Boda anakosa sababu ya kurudi kwa njia ya baiskeli, na mwenye ndoo anavuka bila kupanda ngazi.