Woga wa Kumuuliza Mkutubi

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Constance Mellon, alichapisha uchambuzi wa maandishi ya wanafunzi wapatao 6,000 wa chuo kikuu kuhusu namna walivyotafuta marejeo maktabani. Asilimia 75 hadi 85 walieleza mwanzo wa kazi hiyo kwa maneno ya hofu: jengo kubwa, vitu visivyojulikana viliko, kutojua pa kuanzia. Zito zaidi ni kwamba wengi walidhani wenzao wanajua, wakaona aibu kuuliza wasije wakaumbuka.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili limekuzwa, kwa kuwa kila mgeni wa kazi hubabaika, na kuupa ubabaikaji huo jina la kitaalamu, "hofu ya maktaba", ni kumpatia mvivu kisingizio. Hoja hiyo ina uzito kiasi, maana anayemwandikia mwalimu wake hakosi kutia chumvi. Hata hivyo, haielezi kwa nini mwanafunzi asiyeona haya kubishana na kondakta wa daladala humpita mkutubi aliyekaa bure kaunta. Mtafiti mwingine, Sharon Bostick, alipotunga kipimo cha hofu hii mwaka 1992, aliwahesabu wahudumu wenyewe miongoni mwa vizuizi, na yeyote aliyewahi kujibiwa "angalia kwenye katalogi" bila kuinuliwa uso anajua sababu.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa aliyesoma sekondari ambayo maktaba yake ni kabati lenye kufuli, ukubwa huo peke yake unatisha. Lakini aibu hukaa kwenye mambo madogo. Katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, yaani wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, kitabu chenye namba 320.968 hutangulia chenye 320.97, kwa kuwa tarakimu baada ya nukta husomwa moja moja, na asiyeambiwa hivyo atazunguka rafuni, ataamini kitabu kimeazimwa, kisha ataondoka.

Intaneti imemwondolea mwanafunzi macho ya watu, ila pia imemwondolea mtu wa kumwona amekwama. Ziara ya wiki ya kwanza nayo haitoshi, kwa sababu wakati huo mwanafunzi bado hana swali. Afadhali mhadhiri alete darasa likiwa na kazi mkononi, na mkutubi aanze kwa kukiri, kama Mellon alivyopendekeza, kwamba kubabaika ni kawaida. Kwa kozi yenye mamia ya wanafunzi hilo ni gumu, lakini vikundi vya semina tayari vipo.