"Zikikauka Zitafanana"
Meza yangu ni ya mninga, ina miaka 12, imeiva kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikaagiza stuli mbili za kufanana nayo. Fundi kaleta za paini! Eti, "Dada, vanishi ikikauka zitafanana."

Wiki ya pili hii zimekauka. Moja ina mabaka kama dari lililovuja, nyingine nyekundu kama imepakwa mawese. Jamani, paini inakunywa rangi ovyo, hapa nyingi, pale kidogo! Kujaribu kwanza kwenye kipande cha mbao hiyohiyo kungemgharimu nini? Yeye rangi kaipima kwa picha ya simu, tena usiku, chini ya taa ya njano.

Sasa anataka kuipiga msasa meza yangu, "zilingane." Aiguse aone.