Projekta haikuwa na shida, jamani

Najua mshasikia. Yule jamaa ninayefanya naye kazi za tovuti ameisambaza kwenye kila grupu alilomo, na yumo kwenye magrupu mengi kuliko mchungaji. Toleo lake ni kwamba nilisimama mbele ya chama cha akina mama kule Dunga, Kisumu, nikawaonyesha ukuta mtupu, nikauita tovuti. Kutoka Kondele mpaka Nyalenda sasa naitwa "Ukuta". Leo asubuhi mwenye duka la M-Pesa kaniuliza, "Ukuta, unatoa ngapi?"

Basi na mimi nisikilizwe. Toleo lake limeruka kipande kimoja kitamu: nani aliandika ule mstari wa msimbo uliopoteza picha. Halafu ukuta haukuwa mtupu. Kulikuwa na kitufe.

Tovuti yenyewe ni ya mama mmoja mwenye hoteli ya samaki pale ufuoni. Ilikuwa imekamilika: juu kabisa bango kubwa lenye picha ya jua likizama ziwani, juu ya picha maandishi meupe, jina la hoteli na "Ngege na mbuta wa leo", na chini yake kitufe cha rangi ya chungwa kilichoandikwa "Agiza Samaki". Asubuhi ya siku ya kuonyesha, mama akapiga simu. Hataki jua. "Mwanangu, hapa watu hawaji kula jua." Anataka picha ya mvuvi wake akiwa ameinua mbuta. Picha ikatumwa, jamaa yangu akaipokea, akabadilisha mstari mmoja, akapakia kwenye seva, akachungulia kwa simu akiwa juu ya boda, akaniambia, "Omera, iko sawa."

Alichokiona ni lile jua la zamani. Simu yake ilikuwa imehifadhi faili la awali la CSS, lile linaloupa ukurasa rangi, picha na mpangilio, na haikujisumbua kuomba jipya. (Nyinyi mnaojifunza kazi hii, pumzikeni hapa kidogo: ukibadilisha CSS, badilisha na namna unavyoiita ndani ya HTML, yaani faili la ukurasa wenyewe, kwa mfano mtindo.css?v=2, ili kivinjari kidhani ni faili geni. Kwenye kompyuta Ctrl+Shift+R inatosha kwako wewe, lakini wateja wako huwezi kuwapitia nyumba kwa nyumba ukiwabonyezea.)

Jioni tukapanga viti nyuma ya hoteli. Mama kawaalika wenzake wa chama, maana wawili watatu nao walikuwa wanataka tovuti. Kulikuwa na mzee mmoja wa mbele kabisa, kofia magotini, na watoto wameketi chini. Ukuta umepakwa chokaa juzi juzi, mweupe unaumiza macho. Mama akanikaribisha kwa maneno makubwa: "Huyu kijana ndiye ametuweka duniani." Makofi. Nikafungua ukurasa.

Mwanga mweupe. Ukuta mweupe. Na katikati, peke yake, bila ndugu wala jirani, kitufe cha chungwa: Agiza Samaki.

Nataka muelewe jinsi ile sekunde ilivyokuwa ndefu. Yale maandishi yalikuwepo, yote, jina la hoteli limeandikwa kubwa. Lakini ni meupe, na picha ya kuyabeba haikuja, na nyuma ya picha hakukuwa na rangi yoyote, kwa hiyo yalikuwa meupe juu ya weupe. Picha ya kawaida, ile ya <img>, ikikosekana angalau huacha alama ya picha iliyovunjika na yale maneno ya alt yanayoielezea, mtu akajua kuna kitu kilitakiwa kukaa hapa. Picha ya mandharinyuma ya CSS ikikosekana haisemi neno. Inaondoka tu.

Mzee akainama mbele. "Na hiyo ni nini?"

"Ni kitufe, mzee."

"Cha nini?"

"Cha kuagiza samaki."

Akautazama ukuta wote, kushoto, kulia, juu. "Samaki yupi?"

Nikasema inafunguka polepole. Nikaonyesha upya ukurasa. Nikaonyesha tena. Nikaomba taa zizimwe, zikazimwa, ukuta ukazidi kuwa mweupe. Nikaisogeza projekta nyuma, kitufe kikawa kikubwa. Mtoto mmoja akainuka, akaenda akakigusa ukutani kwa kidole, akageuka kutuangalia kama mtu aliyesubiri sahani itoke. Halafu mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikawaambia wale akina mama kwamba siku hizi dizaini za kisasa huacha nafasi.

Mjusi akatoka nyuma ya bomba, akapita taratibu juu ya jina la hoteli lisiloonekana, akasimama karibu na kitufe. Ndiyo ikawa picha ya kwanza kuonekana kwenye tovuti ile. Watu wakapiga makofi. Jamaa yangu, aliyekuwa nyuma na soda mkononi, akacheka mpaka akatoka nje. Hilo nalo kwenye toleo lake halimo.

Nikabonyeza F12, ile inayofungua zana za mafundi ndani ya kivinjari. Sikukumbuka kwamba projekta haichagui: kilicho kwenye skrini yangu kiko ukutani. Nikafungua kwanza kipande kile, .bango. Kipimo chake kilisoma 1366 kwa 500, kwa hiyo wale mlioniandikia "weka height", yaani kimo, mkae chini. Ushauri wenu ni mzuri siku nyingine, kwa sababu div, yaani kisanduku cha ukurasa, isiyo na kitu ndani ina kimo cha sufuri na picha haiwezi kuonekana kwenye sufuri. Utaipa min-height na mambo yatakwenda. Hapa kimo kilikuwepo. Mstari wenyewe nao ulikuwepo, haukukatwa na sheria nyingine, wala haukuwa na ile pembetatu ya njano ambayo Chrome huweka pale inapoona thamani isiyoeleweka:

background-image: url("picha\dunga.jpg");

Mmeona? Mimi wakati ule sikuona. Jasho lilikuwa limeingia machoni. Nikaenda kwenye kichupo cha Network, kinachoorodhesha kila faili ambalo ukurasa unaliomba, nikaonyesha upya, na pale ukutani, kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono, ikatoka:

pichaunga.jpg 404

Hiyo 404 ni seva kusema faili halipo. Kimya. Halafu sauti ya mama mwenye hoteli, anasoma silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza: "Pi-cha-u-nga." Akanigeukia. "Picha unga? Mmeweka picha ya unga?"

Akatazama ukuta mweupe. Wote wakatazama ukuta mweupe. Mzee akavaa kofia. "Sasa ninaelewa," akasema. "Ni unga."

Jamani, kuna vicheko mtu unaweza kuvivumilia, na kuna cha akina mama wa chama waliokwisha kula wakashiba.

Sasa sikieni ilivyokuwa, maana hili hata mafundi wazuri linawapita. Jamaa yangu anatumia Windows. Aliiandika njia ya faili kwa mkono, kwa mtindo wa Windows, nayo Windows hutenganisha folda kwa mkwaju wa kinyume, \. Kwenye CSS huo mkwaju si kitenganishi kabisa. Ni ishara ya kusema "herufi inayofuata ina maana yake maalumu". Ikifuatwa na tarakimu, au herufi kuanzia a mpaka f, CSS huzisoma kama namba ya herufi kwa hesabu ya msingi wa 16. D ni 13. Herufi namba 13 ni ile alama isiyoonekana ya kurudisha mstari, na kivinjari kikiikuta ndani ya anwani kinaitupa. Kwa hiyo \d imeliwa yote, imebaki "picha" na "unga" zimeshikana. Faili lingeitwa samaki.jpg lingekuwa pichasamaki.jpg, kwa sababu s haimo katika hesabu ile, mkwaju peke yake ndio ungepotea. Lingeitwa bahari.jpg, \ba ingegeuka º. Na kwa kuwa yote haya ni halali kabisa kwa CSS, hakuna onyo, hakuna pembetatu, hakuna lolote. Katika majina yote ya fuo za ziwa hili, bahati yangu ikaangukia linaloacha unga.

Nikafungua faili palepale kwenye seva, nikageuza mkwaju: picha/dunga.jpg. Nikahifadhi. Nikaonyesha upya nikiwa nimeshavuta pumzi ya ushindi.

404.

"Nne sufuri nne!" mtoto akasoma. Wenzake wakaipenda.

Hii ilikuwa ya kawaida, ile inayowakuta wote. Njia iliyo ndani ya url() huhesabiwa kuanzia pale faili la CSS lilipo, si pale ukurasa ulipo. CSS yangu iko ndani ya folda ya css, kwa hiyo kivinjari kilikwenda kutafuta css/picha/dunga.jpg, chumba ambacho hakijawahi kujengwa. Unatoka kwanza nje ya folda: ../picha/dunga.jpg. Mstari wa zamani wa lile jua ulikuwa hivyo hivyo, lakini jamaa aliufuta wote. Ukibofya mara moja juu ya lile jina jekundu kwenye Network utaona anwani nzima iliyoombwa. Isome yote, kutoka mwanzo, kabla hujagusa kitu.

Nikarekebisha.

"Nne sufuri nne!" Sasa na akina mama wamo, na vigelegele.

Simu ya mvuvi ilikuwa imeipa picha mwisho wa herufi kubwa, na jamaa alipoibadilisha jina ikabaki Dunga.JPG. Kwenye Windows Dunga.JPG na dunga.jpg ni mtu mmoja. Seva nyingi ni Linux, na kwa Linux hao ni watu wawili wasiojuana. Nikabadilisha jina la faili, herufi ndogo zote. (Na nafasi katikati ya jina msiweke, wala mabano kama yale ya "samaki (1).jpg". Ukisahau alama za kunukuu ndani ya url(), CSS inautupa mstari mzima.)

200. Ndiyo seva kusema faili limepatikana: namba nzuri kuliko zote duniani. Nikageuka kwa watazamaji nikanyoosha mkono ukutani, na ukuta ukabaki mweupe vilevile.

Picha ilikuwa ya MB 6, kama ilivyotoka kwenye kamera, na intaneti yetu ilikuwa hotspoti ya simu yangu, bando la siku. Mkono nikaushusha. Mzee akauliza kama unga bado unachekechwa.

Kisha ikaja, kwa ghafla, ukuta mzima: mshipi. Mshipi wa suruali, kifungo cha shati kinachobana, na tumbo la mvuvi lenye upana wa mita tatu. Samaki hakuna. Kichwa hakuna. Picha ilikuwa ya wima, pikseli 3000 kwa 4000, na bango ni la mlalo. Ukiweka background-size: cover, picha inapimwa upya mpaka ifunike bango lote, na hapa upana ndio unaoamua: kwa 1366 kimo chake kinakuwa kama 1821, na bango linaonyesha 500 tu. Nayo background-position ikiwa center, hizo 500 zinachukuliwa katikati. Na katikati ya binadamu aliyesimama, mnajua wenyewe kuna nini. Chini ya kitovu, kwa rangi ya chungwa: Agiza Samaki.

Yaliyofuata sitaki kuyakumbuka. Mama alicheka mpaka akafutiwa machozi kwa kanga, akalipa, akakata kidogo "ya unga". Usiku huo huo nikapunguza picha mpaka upana wa pikseli 1600, chini ya KB 300, nikaweka background-color ya bluu nzito chini yake ili picha ikikataa maandishi yasomeke. Mama mmoja wa chama kaniita nimfanyie tovuti ya kushona nguo, kwa sharti jamaa yangu asiguse.

Jamaa yangu, kwa wanaotaka kumsalimia, ndiye yule anayewaandikia "😂😂 Ukuta" chini ya kila kitu ninachoweka hapa. Mwulizeni habari za mkwaju.

Kilichobaki ni mvuvi. Amekuja jana hotelini kudai kichwa chake, maana watu wa ufuoni wamelitambua tumbo. Nikaweka background-position: center 10%, kichwa kikarudi, na mikono iliyoinuliwa, na nusu ya mbuta. Akalitazama bango sana kwenye kompyuta yangu. Akasema sasa mkia haupo, na mbuta bila mkia watu watadhani ni mdogo. Nikapandisha, mkia ukatokea, kidevu chake kikakatika. Nimemwambia achague. Amesema anakwenda kushauriana na mkewe.