Wenye Kiingereza chao wanakivuruga, sisi tulichapwa

Mi naishi Birmingham huku Uingereza na kitu kinachonikera kuliko hata baridi ni Kiingereza cha matangazo, yaani wenye lugha yao ndo wanaivuruga makusudi na hela wanalipwa. McDonald's toka 2003 wanatuambia "I'm lovin' it" wakati sisi kidato cha pili tulichapwa mpaka tukaelewa love haivalishwi -ing. Apple nao 1997 wakaja na "Think Different", ile -ly ya differently wameiacha wapi sijui. Halafu kuna vile vibao vya kaunta za haraka supamaketi, "10 items or less", vitu vinahesabika kabisa hivyo ilitakiwa fewer, Tesco walivyosemwa sana 2008 wakakwepa wakaandika "Up to 10 items". Hata halmashauri ya jiji hapa 2009 ilisema apostrofi kwenye vibao vya mitaa basi, St Paul's Square ikawa St Pauls, Mtakatifu Paulo kanyang'anywa uwanja wake hivi hivi.

Najua mtasema ubunifu. Sawa, ila anayevunja sheria kwa ubunifu si anakuwa anaijua kwanza, sasa mtoto anayekua akiona hayo tu ataijulia wapi?

Nyumbani Kigoma ni kesi nyingine. Pale Mwanga unakuta "Hair Saloon", unakuta "We sale phones accessories", fundi kachora kwa mkono, herufi za mwisho zimebanana maana ukuta umeisha. Huyo mi simsemi, Kiingereza chake cha kuombea maji na hajalipwa mamilioni. Namshangaa mwenye duka aliyemwambia aandike hivyo, maana wateja wake ni Waha wa Kasulu, Wamanyema wa Ujiji na Wakongo wanaovuka ziwa na mizigo yao, na wote hao bei wanapatana kwa Kiswahili, sasa hiyo "We sale" anaandikiwa nani? Na fundi huyo huyo ukimpa Kiswahili anakushushia "Dagaa wa Kigoma wasio na mchanga, jumla na rejareja", ngeli zote zimekaa, BAKITA wenyewe, baraza la Kiswahili la taifa, hawana la kusahihisha.

Juzi shemeji kanitumia picha ya bango la duka lake jipya nimnyooshee Kiingereza, nikamwambia futa lote andika mawese safi yapo. Kanuna, eti bila Kiingereza duka halina hadhi.